Nani atasema ‘bado’?

Simu ilinikuta kwenye treni ya asubuhi, kati ya Plaistow na Bromley-by-Bow, kabla reli haijazama chini ya ardhi. “Mwanangu, wamenikata saa nzima.” Aliyepiga ni mama mmoja wa Bukoba anayefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huku mashariki ya London. Huniita mwanangu kwa sababu ni rika la mama yangu, na kwa sababu ndiye aliyenionyesha, mwaka wangu wa kwanza hapa, duka la Green Street lenye ndizi za kupika ambazo hazijalala. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba ya haraka, akarudi kwenye hoja yake.

Jumamosi ya mwisho wa Oktoba aliingia zamu saa mbili usiku, akatoka saa mbili asubuhi. Kwa hesabu ya kawaida hizo ni saa kumi na mbili. Lakini usiku ule ndio Waingereza hurudisha saa nyuma: ikifika saa nane usiku, inakuwa tena saa saba. Yule mama alikuwa amegeuza wazee vitandani na kubadilisha mashuka kwa saa kumi na tatu. Hati ya mshahara ikamhesabia kumi na mbili. Alikuwa akiniuliza kama namjua mtu yeyote “wa mambo ya kompyuta” anayeweza kumwandikia barua ya malalamiko. Hakujua kwamba amempigia mwizi mwenyewe.

Mimi ni meneja wa mradi katika timu za watengenezaji wa programu. Mfumo uliompunja yule mama ulitoka mikononi mwa timu yangu, katika kampuni ambayo sitaitaja. Na habari mbaya zaidi ni kwamba tulijua. Wiki tatu kabla ya kuuzindua, kijana mmoja mwandishi wa programu, mkimya, wa wale wanaoongea mara moja kwa wiki, alisema kikaoni: usiku wa saa kurudi nyuma hatujaujaribu. Nikaandika. Ofisi za huku hupima afya ya mradi kwa rangi za taa za barabarani, kijani, manjano na nyekundu, nami kwenye ripoti ya wiki ile nikaweka manjano. Mkubwa wangu akauliza kwa upole kabisa kama hilo ni jambo la kutusimamisha. Nikaitazama tarehe, nikautazama mkataba, nikawaza kwamba ni usiku mmoja tu kwa mwaka. Nikabadilisha manjano kuwa kijani. Hakuna aliyenishika mkono.

(Machi, saa zinaposogezwa mbele, mfumo ule ule ungelipa saa kumi na mbili kwa kazi ya kumi na moja. Nina hakika simu isingelia.)

Mtoto wa kaka yangu anasoma kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma. Siku moja aliniuliza bila kuzunguka: “Shangazi, kama huandiki programu, unalipwa kwa lipi hasa?” Nilicheka, kisha nikakosa jibu, na swali lake ndilo lililonifanya nikae kuandika haya.

Kwanza nikiri: kazi hii ina sifa mbaya na sehemu kubwa tumejitakia. Niliandika programu kwa miaka tisa kabla ya kuvuka upande huu, na nilikuwa nikimwona meneja anakuja navaa spika za masikioni hata kama hazipigi kitu. Nimemwona meneja anayeitisha kikao cha kupanga kikao. Nimemwona anayeuliza kila baada ya saa mbili “mmefika asilimia ngapi?”, kana kwamba programu ni tangi linalojazwa maji. Programu inaweza kukaa kwenye asilimia tisini kwa miezi miwili, kwa sababu ile kumi iliyobaki ndiyo yenye usiku wa saa kurudi nyuma. Na nimewaona wanaoamini kwamba kazi ikichelewa dawa ni kuongeza watu, ingawa Frederick Brooks, aliyesimamia mfumo wa OS/360 kule IBM, alishaandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye kazi ya programu iliyochelewa huichelewesha zaidi. Wageni lazima wafundishwe, na wa kuwafundisha ni wale wale waliozidiwa.

Kwa hiyo simtetei kila mwenye cheo. Ninachotetea ni neno moja, na nililisikia Tanga kabla sijaijua kompyuta.

Shangazi yangu alikuwa ndiye msimamizi wa shughuli zote za mtaa wetu. Kamati ya harusi ilikuwa na mwenyekiti, katibu na mhazini, wanaume wenye kalamu mfukoni, lakini harusi ilikuwa kwenye daftari la shangazi: nani kaazima sufuria kubwa, mchele umeloweshwa saa ngapi, mtungi wa maji ya kunawa uko kwa nani. Hakupika. Hata mwiko hakuushika. Nakumbuka harusi moja upande wa bwana harusi wamefika mapema, magari yanapiga honi nje, mwenyekiti wa kamati anatokwa jasho, anaingia uani na kuagiza wali upakuliwe. Mpishi akamtazama shangazi. Shangazi akafunua sufuria, akaonja punje mbili, akafunika. “Bado,” alisema. Mwenyekiti alirudi nje kuwapigia wageni hadithi kwa nusu saa nzima. Mpishi asingeweza kumjibu mwenyekiti vile. Shangazi aliweza.

Sasa nikupeleke Waterloo Road, kusini kidogo ya mto Thames, kwenye makao makuu ya huduma ya magari ya wagonjwa ya London. Mwaka 1992 huduma hiyo ilikuwa inahudumia eneo la maili za mraba 600, lenye watu karibu milioni saba, na kupokea simu kati ya 2,000 na 2,500 kwa siku. Utaratibu ulikuwa wa karatasi. Mpokeaji simu aliandika anwani, akaitafuta kwenye kitabu cha ramani, karatasi ikasafiri juu ya mkanda hadi kwa mgawaji aliyejua gari lipi liko wapi. Ulikuwa utaratibu wa polepole, na kila mtu alikubali kwamba kompyuta inahitajika. Walikuwa wameshajaribu mara moja na kuuacha mradi mwaka 1990, baada ya kuteketeza pauni milioni 7.5.

Mara ya pili walitaka haraka na kwa bei nafuu. Kazi wakapewa wazabuni waliotaka takriban pauni milioni moja, na kampuni iliyobeba mzigo wa programu ilikuwa ndogo, haijawahi kufanya kitu cha ukubwa ule. Tarehe iliwekwa kabla ya kazi kueleweka: 8 Januari 1992. Ikapita. Lakini lililonisisimua mimi, niliposoma habari za uchunguzi wa kuanguka kwa mfumo ule, uliotolewa Februari 1993, si bei wala tarehe. Ni kwamba mradi ule haukuwa na mtu mmoja mzoefu ambaye kazi yake ya kila siku, asubuhi hadi jioni, ni kuushika. Huduma ilidhani wazabuni wanausimamia. Wazabuni wakaona hawauwezi, usimamizi ukateleza kurudi kwa wakubwa wa huduma waliokuwa na majukumu yao mengine. Kanuni za serikali za kusimamia miradi, zilizoitwa PRINCE, zilitajwa kwenye karatasi, lakini walioshika mradi hawakuwa na uzoefu nazo.

Alfajiri ya Jumatatu, 26 Oktoba 1992, mfumo ukawashwa kwa London nzima kwa mpigo. Kwenye orodha kulikuwa na hitilafu 81 zinazojulikana na ambazo hazijamalizwa. Mfumo haukuwa umejaribiwa chini ya mzigo kamili. Chumba cha simu kilipangwa upya, watu waliozoea kukaa pamoja wakatenganishwa. Sikiliza tena: hitilafu 81 zinazojulikana. Maana yake kuna aliyezihesabu. Kuna aliyeziandika, akazipa namba. Ila hapakuwa na shangazi wa kufunika sufuria.

Ndani ya saa chache mfumo ukapoteza habari za magari yako wapi. Mahali pamoja yakafika magari mawili, pengine halikufika hata moja. Maonyo yakajaa kwenye skrini hadi ya zamani yakasukumwa juu na kutoonekana tena. Wenye wagonjwa walipoona kimya wakapiga simu mara ya pili na ya tatu, na kila simu ikauongezea mfumo mzigo uliokuwa tayari unauzidi. Mchana wa tarehe 27 wakarudi nusu kwenye karatasi. Tarehe 28 mkurugenzi mkuu akajiuzulu. Na usiku wa 4 Novemba, baada tu ya saa nane, mfumo ukaanza kuvuta miguu, kisha ukaganda kabisa. Chanzo kilikuwa kipande kidogo cha programu ambacho mwandishi alikiacha ndani wiki tatu nyuma: kila gari lilipotumwa, kilikula kumbukumbu ya seva kidogo na hakikuirudisha. Kidogo kidogo, mpaka ikaisha. Seva ya akiba nayo haikushika. Wakachukua kalamu na karatasi.

Watu hupenda kusimulia kisa hiki kama kisa cha mwandishi wa programu aliyesahau. Mimi simlaumu. Simjui mwandishi ambaye hajasahau kitu cha namna ile, na mimi nimesahau vingi. Mtu kusahau ni jambo linalotarajiwa, ndiyo maana kuna majaribio, na majaribio huliwa na tarehe pale ambapo hakuna mwenye kibali cha kuila tarehe. Ilipofika 1996 huduma ile ile ilikuwa na mfumo mpya, uliojengwa taratibu, kipande kwa kipande, wapokeaji simu wakishirikishwa. London ile ile, simu zile zile.

Treni yangu ya kila siku mwisho wake ni Hammersmith, upande wa pili wa jiji, na huko kuna kisa ambacho kingenifaa ningekijua mapema. Kampuni ya J. Lyons, iliyoendesha migahawa ya chai na kuoka keki, ilijitengenezea kompyuta yake katika majengo ya Cadby Hall. Wakaiita LEO. Novemba 1951 ikaanza kazi ya kila wiki ya kukokotoa thamani ya mikate na keki, nayo huhesabiwa kuwa kompyuta ya kwanza duniani kufanya kazi za ofisi za biashara. Uandishi wa programu zake ulisimamiwa na David Caminer, ambaye hakuwa fundi wa mashine. Alitoka upande wa makaratasi na taratibu za ofisi. Jambo ninalolipenda ni kwamba mishahara haikukabidhiwa kwa LEO mpaka 1954. Kwa wiki kadhaa makarani waliendelea kupiga hesabu kwa mkono huku mashine ikipiga zake, wakilinganisha. Keki ikikosewa hesabu, kampuni inapata hasara. Mshahara ukikosewa, kuna mtu anaumia nyumbani kwake. Walilijua hilo miaka sabini iliyopita, mimi nikaja kulisahau kwa sababu ya rangi ya kijani.

Najua pingamizi, maana nalisikia kila wiki. Mwaka 2001 watu kumi na saba walikutana kwenye hoteli ya mlimani huko Utah, Marekani, wakaandika tamko kuhusu kutengeneza programu kwa wepesi: vipande vidogo, mteja awe karibu, watu kwanza na makaratasi baadaye. Walikuwa na haki kwa mengi. Lakini wapo waliolisoma tamko hilo kama tangazo la kumfukuza meneja, na hapa mjini nimeingia ofisi ambako nimeambiwa kwa fahari kwamba timu inajiongoza yenyewe. Vizuri. Inajiongoza mpaka ghorofa ya nne. Ghorofa ya tano ndiko walikoahidi tarehe, na huko haendi mtu. Skramu masta, yule mwendesha vikao vya timu, husema kupanda huko si kazi yake, mwandishi husema yeye anaandika tu, na mwenye bidhaa, anayeamua kijengwe nini, ndiye aliyeahidi. Yule kijana mkimya wa timu yangu alifanya sehemu yake: alisema. Maneno yake yalihitaji miguu ya kuyapandisha ngazi, na miguu hiyo ilikuwa yangu.

Kupandisha kwenyewe ni ufundi. Ukimwambia mwenye fedha “hatujashughulikia mabadiliko ya majira kwenye hesabu ya muda”, hakusikii. Ukimwambia “asubuhi ya tarehe fulani wahudumu zaidi ya mia mbili watakuwa wamefanya kazi saa moja bure, na watapiga simu”, anaweka kikombe chini. Ni habari ile ile. Meneja wa mradi ni mshenga: hapunguzi neno wala hatii chumvi, ila anajua kulisema kwa namna ambayo wazee wa upande wa pili watalielewa. Mshenga anayekuja na habari njema tu humpeleka bwana harusi mahali asipotakiwa. Wenzetu wa huku wana jina la ripoti za mshenga wa namna hiyo, wanaziita tikitimaji, kijani nje, nyekundu ndani.

Kisa cha upande mwingine, na hiki wasomaji wangu mnacho mfukoni. M-Pesa ilianza na fedha zilizotoka hapa London, katika mfuko wa wizara ya Uingereza ya maendeleo ya kimataifa, karibu pauni milioni moja, na Vodafone ikaweka kiasi kama hicho. Nick Hughes wa Vodafone alikuwa na wazo, na Susie Lonie akatumwa Nairobi kulifanya kazi. Wazo halikuwa la kutumiana fedha. Lilikuwa la kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya Faulu kurejesha mikopo yao kwa simu. Oktoba 2005 wakaanza majaribio na wateja wasiofika 500, katikati ya Nairobi, Mathare na Thika.

Hebu fikiria kishawishi. Mkataba unasema mikopo. Wafadhili wamesoma mikopo. Ripoti ya kijani ilikuwa inawezekana kabisa: mfumo unafanya kazi, mikopo inarejeshwa. Lakini Lonie alikuwa Nairobi, hakuwa anasoma majedwali Uingereza, na akaona wateja wanafanya mambo ambayo hayakuandikwa popote. Wanatumiana fedha. Wananunuliana salio. Mtu anaweka fedha kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa anakokwenda, ili asikutane na vibaka na donge mfukoni. Na upande wa Faulu, kulinganisha hesabu za mikopo na mfumo mpya kulikuwa mzigo mzito. Haya yote yakarudishwa kwa wakubwa, na huduma iliyozinduliwa na Safaricom Machi 2007 ilikuwa ya kutuma fedha nyumbani. Mikopo iliwekwa kando. Mwaka 2008 ikafika Tanzania kupitia Vodacom. Sidai kwamba mtu mmoja ndiye aliyeijenga. Programu iliandikwa na wengine na Wakenya wengi walitoa jasho. Nasema tu kwamba tangu majaribio yaanze hadi uzinduzi ulipita zaidi ya mwaka mmoja, na ndani ya muda huo kuna waliothubutu kusema kwamba kilichoagizwa sicho kinachohitajika.

Naijali habari hii kwa sababu ya nyumbani. Nasoma matangazo ya kazi ya Dar es Salaam na Nairobi: waandishi wa programu wanatafutwa kwa lugha nne na miaka mitano, na chini yake meneja wa mradi anatafutwa kwa cheti. Cheti ni kizuri, mimi ninacho, kimeninginia sebuleni karibu na picha ya harusi, na hakikuniambia chochote siku ile ya manjano na kijani. Au kazi hupewa mwandishi bora wa timu kama zawadi, timu ikapoteza mwandishi hodari na kupata meneja anayejificha kwenye programu. Na kubwa kuliko yote, kwetu tarehe ya kuzindua mfumo mara nyingi huwekwa na shajara ya mgeni rasmi. Utepe umenunuliwa, ngoma imelipwa, viti vimepangwa, waandishi wa habari wameshapewa nauli. Nani atamwambia mgeni rasmi bado?

Ningeandika mkataba mimi, ningeweka kifungu kimoja cha mistari miwili: jina la mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha uzinduzi, na sharti kwamba mtu huyo asiwe chini ya yule aliyeahidi tarehe. Mgeni rasmi aje akate utepe wa jengo, wa daraja, wa chochote kingine. Mfumo wa mishahara, wa dawa au wa leseni uwashwe siku ya kawaida, Jumanne asubuhi, kimya, kwenye ofisi moja ndogo, makarani wakiendelea kuandika kwa mkono kando. Mpwa wangu akimaliza chuo na kutaka kuandika programu, Mungu ambariki. Lakini akiwa ni yule wa darasani anayeinua mkono kusema “mwalimu, hapa hatujaelewa” wakati wenzake wamekwisha kufunga madaftari, nitamwambia njia nyingine ipo.

Yule mama nilimwambia ukweli jioni ile ile, nikiwa nimesimama nje ya stesheni ya Barking. Alinyamaza, nikasikia maji yanachemka kwake. “Mlijua?” Nikasema tulijua. “Sasa mbona hamkusema?” Nikajaribu kumweleza habari za rangi, nikaishia njiani.

Saa yake ililipwa mwezi uliofuata, ya kwake na ya wenzake wote. Oktoba iliyofuata tuliujaribu usiku ule mara nyingi mpaka kijana mkimya akacheka. Nikampigia mama kumwambia safari hii mambo yako sawa. Akasema anashukuru, mwanangu, Mungu akuzidishie. Kisha nikasikia kalamu. Jikoni kwake pana kalenda ya kanisa, na kila akitoka zamu huandika kwenye kisanduku cha siku ile saa alizofanya. Nilimwambia hana haja tena ya kujisumbua.

“Nimekusikia,” alisema. “Lakini kalenda siitoi.”